Mota ya Umeme na Mfumo Mseto kwenye Boti ya Matanga: Tathmini Baada ya Misimu Miwili

Betri niliyoifunga chini ya sakafu ya boti yangu ina uzito wa kilo 95 hivi, na nishati iliyomo ndani yake ni sawa na ile iliyomo katika lita moja ya dizeli. Nimeanza na hesabu hiyo kwa makusudi, kwa sababu matangazo ya mota za umeme huanza na ukimya, maji safi na machweo, na mnunuzi hukutana na hesabu akiwa ameshalipa. Betri yangu ni ya volti 51.2 na ampea-saa 200, yaani kilowati-saa 10 na kidogo, na lita ya dizeli nayo hubeba takriban kilowati-saa 10. Kinachoiokoa betri ni kwamba injini ndogo ya dizeli hugeuza kama robo tu ya nishati hiyo, au theluthi ikiwa katika hali yake bora, kuwa mzunguko wa shafti, na iliyobaki huishia kuwa joto linalotoka kwenye bomba la moshi na kwenye maji ya kupoozea, ilhali mota ya umeme pamoja na kidhibiti chake hupoteza kama sehemu moja tu kati ya kumi. Kwa hiyo, kwa matumizi halisi, betri yangu ni sawa na lita tatu za dizeli. Tanki la zamani lilibeba lita 60.

Mtu akishaipokea hesabu hiyo bila kununa, anaweza kuutathmini mfumo wenyewe kwa haki. Wangu umefungwa katika boti ya matanga yenye urefu wa mita 9 na uzito wa tani 4 hivi, ambayo awali ilikuwa na injini ya dizeli ya nguvu za farasi 18. Mahali pake pamekaa mota ya kilowati 6 inayozungusha shafti ileile kwa mkanda, kidhibiti, betri ya lithiamu niliyoitaja, chaja ya kilowati 3 ya kuchomeka kwenye umeme wa gatini, na paneli za sola za jumla ya wati 400. Jenereta ndogo ya petroli iliongezwa baadaye, kwa sababu nitakazozieleza. Nimeutumia mfumo huu kwa misimu miwili, na katika muda huo nimepata pia nafasi ya kusafiri katika boti mbili za watu wengine zenye mifumo mseto (inayounganisha mota ya umeme na injini ya mafuta) iliyotengenezwa kiwandani, kila moja ya aina yake.

Jambo la kwanza ambalo mfumo wa umeme humfundisha nahodha ni gharama ya kasi. Kwenye injini ya dizeli gharama hiyo imefichwa, kwani mtu husukuma mkono wa gesi mbele, boti huenda, na tanki hujazwa mara moja kwa mwezi. Skrini ya mota haifichi kitu. Katika maji yaliyotulia, boti yangu hutumia wati 700 hivi kwenda noti 3 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), kilowati 1.5 kwenda noti 4, kilowati 3 kwenda noti 5, na zaidi ya kilowati 6 kuifikia noti 6, ambapo omo, yaani mbele ya boti, huinuka, tezi, yaani nyuma yake, huzama, na nguvu inayoongezwa haileti chochote isipokuwa wimbi kubwa nyuma. Tukiacha sehemu ya tano ya betri kama akiba, noti 6 zinanipa maili 7 za baharini, noti 5 zinanipa 13, noti 4 zinanipa 21, na noti 3 zinanipa maili 35. Boti ni ileile na betri ni ileile, ila safari imeongezeka mara tano kwa kukubali kwenda nusu ya kasi. Hii ni kanuni ya maji wala si ya mota, kwa kuwa nguvu inayohitajika hukua takriban kwa kipeo cha tatu cha kasi, na boti inayokata maji bila kupanda juu yake ina ukomo unaotokana na urefu wake kwenye usawa wa maji. Mota za umeme zilizofungwa kwenye boti za kasi zinazoteleza juu ya maji hukutana na ukuta huo mapema zaidi, na ndiyo maana baadhi ya waundaji, kama Candela wa Sweden, wameamua kuinyanyua boti nzima juu ya mabawa yaliyo chini ya maji badala ya kuendelea kuongeza betri.

Kwa uendeshaji wa bandarini sina budi kuusifu mfumo huu bila masharti. Mota hutoa msokoto wake wote, yaani nguvu ya kuzungusha shafti, tangu mzunguko wa kwanza, haina giaboksi ya kusubiri, na kutoka mbele kwenda nyuma ni suala la kuvuta mkono tu. Naweza kuiambia boti isogee kiasi cha kiganja kimoja kuelekea gatini, ikasogea kiasi hicho na kusimama. Dizeli ya zamani, hata ikiwa katika mzunguko wake wa chini kabisa, iliisukuma boti kwa noti 2 mtu apende asipende, na kila nilipoingia bandarini nilikuwa nikicheza kati ya gia na gia huru kama mtu anayefungua na kufunga mlango. Kuhusu ukimya, niseme kwamba si ukimya kamili. Mkanda hulia kidogo kwa sauti nyembamba kuanzia kilowati 3, na beringi ya shafti, ambayo kwa miaka mingi sikuwahi kuisikia, sasa inajitambulisha kila siku. Hata hivyo, mazungumzo ya kawaida yanawezekana, na mtu aliye omo akisema kwamba nanga imeshika anasikika nyuma bila kupiga kelele.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuibakiza rafadha ya zamani, yaani lile panga linalozunguka majini na kuisukuma boti. Ilikuwa ndogo, ya mabapa mawili, iliyochongwa kwa ajili ya injini inayozunguka kwa kasi, na mota ililazimika kuizungusha haraka mno ili kupata msukumo. Mota ya umeme hupenda rafadha kubwa inayozunguka polepole. Baada ya kufunga ya mabapa matatu yenye kipenyo kikubwa kadiri nafasi chini ya boti ilivyoruhusu, noti 4 zilizokuwa zikihitaji karibu kilowati 2 zilishuka hadi hizo 1.5 nilizozitaja. Hakuna betri ya ziada ya bei hiyo ambayo ingenipa faida kama ile, na bado katika mazungumzo yote na wauzaji hakuna aliyeuliza rafadha yangu ni ya aina gani.

Wahenga wa baharini walisema tezi na omo marejeo ni ngamani, na katika mfumo huu ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, ndiko iliko betri. Yangu ni ya lithiamu chuma fosfeti, yenye seli 16 zilizoungwa kwa mfululizo. Kemia hiyo ni nzito kuliko ile ya nikeli, manganizi na kobalti inayotumika katika magari mengi ya umeme, lakini huvumilia joto zaidi kabla ya kuanza kujiunguza yenyewe, na katika chombo ambacho watu hulala juu ya betri na hakina pa kukimbilia, nadhani uzito huo ni bei ya haki. Isitoshe, kilo zikikaa chini na katikati ya boti hazina madhara makubwa. Seli hizi zina mwiko mmoja ambao wenye boti katika nchi za baridi hawana budi kuujua, nao ni kwamba hazifai kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi.

Kasoro iliyonitia hofu haikutoka kwenye seli, ilitoka kwenye boli. Jioni moja ya msimu wa kwanza nilikuwa nakaribia gati huku mkondo wa maji ukinisukuma ubavuni kuelekea mawe, na betri ikionyesha asilimia 30. Niliongeza nguvu hadi kilowati 5 ili kuukata mkondo, na skrini ikazimika. Hapakuwa na mlio wala taa ya onyo. Mota ilisimama tu kama mtu aliyekatwa usemi. Nanga ilikuwa tayari omo, nikaiangusha, nikashukuru iliposhika. Nilipoinua mbao za sakafu nilikuta boli ya kipande cha shaba kinachounganisha seli ya 11 na ya 12 inazunguka kwa kidole, na plastiki iliyo kando yake imekuwa ya kahawia. Maelezo yake ni rahisi. Kwenye ampea 100, kiungo kilicholegea kikawa na ukinzani wa miliohmu 5 tu, hupoteza nusu volti na kuzalisha joto la wati 50, na mfumo wa kusimamia betri, ukiona seli moja imeshuka ghafla kwa nusu volti, huamini kwamba seli hiyo imekwisha na kukata umeme wote ili kuilinda. Ulifanya kazi yake. Fundi aliyenifungia ndiye ambaye hakufanya yake, kwani alikaza boli zote kwa mkono bila spana ya kupimia mkazo. Tangu hapo nimeongeza kengele inayolia volti ya seli yoyote inapokaribia kiwango cha kukata umeme, sekunde kadhaa kabla, na nimetenganisha kabisa betri ndogo ya volti 12 inayoendesha redio, taa na pampu ya ngamani. Mfumo wowote unaouzwa bila onyo la mapema la namna hiyo siwezi kuupendekeza, hata ukiwa na skrini ya kupendeza namna gani.

Nyaya nazo zinastahili neno. Mifumo mingi ya boti ndogo hubaki kwenye volti 48 kwa sababu chini ya volti 60 za mkondo mnyoofu (DC) hatari ya kupigwa na umeme ni ndogo na masharti ya ufungaji ni mepesi. Malipo yake ni ampea nyingi: kilowati 6 kwenye volti 48 ni ampea 125, na hizo huhitaji nyaya nene kama kidole gumba, fupi kadiri inavyowezekana, zenye ncha zilizobanwa kwa mashine ya haidroliki na kufunikwa dhidi ya chumvi. Cheche ya mkondo mnyoofu haizimiki yenyewe kirahisi kama ile ya mkondo geu (AC), ambayo hupita kwenye sifuri mara nyingi kila sekunde, na ndiyo sababu fyuzi na swichi za gari au za nyumbani hazifai hapa. Niliwahi kuona, kwenye boti nyingine, swichi ya bei nafuu ambayo meno yake ya ndani yalikuwa yameyeyuka yakagandana. Ilionekana imezimwa na umeme ulikuwa ukipita.

Kuchaji gatini hakuna hadithi. Soketi ya kawaida ya ampea 16 na volti 230 ina uwezo wa kutoa kilowati 3.7 hivi, na chaja yangu huijaza betri kwa saa tatu na kidogo. Sola ina hadithi yake, na ni nzuri zaidi kwa mtu mwenye subira. Paneli zangu za wati 400, zikiwa zimelala bapa na kutiwa kivuli na mlingoti kwa sehemu ya siku, hunipa kilowati-saa 1.5 siku ya jua zuri, yaani saa moja ya mwendo wa noti 4. Boti inayokaa nangani Jumatatu hadi Ijumaa huikuta betri imejaa Jumamosi bila kuchomeka waya wowote, na mtu anayesafiri kila siku hapati kitu cha kutegemea.

Uzalishaji wa umeme wakati wa kutweka matanga, ambapo maji huizungusha rafadha nayo ikaizungusha mota, ndicho kipengele kinachosifiwa kupita kiasi kuliko vyote. Kwa noti 4 sipati chochote cha kutajwa. Kwa noti 6 napata wati 200 hivi, na boti hupungua mwendo kwa karibu nusu noti. Kanuni ileile ya kipeo cha tatu ndiyo inayohukumu hapa: boti kubwa inayokimbia noti 8 kwa siku nzima baharini itavuna vya kutosha kuendesha jokofu, vifaa vya usukani na taa, na kampuni kama Oceanvolt ya Finland zimejijengea jina kwa rafadha zinazobadili pembe ya mabapa ili kuvuna vizuri zaidi. Kwa boti ya mita 9 inayotembea karibu na pwani, kipengele hicho si sababu ya kununua.

Ni ufupi wa safari uliofanya niongeze jenereta. Upepo wa omo, mkondo wa maji ulionigeukia, na betri iliyobaki robo, vilinifanya siku moja nilale nangani mahali nisipopapenda nikisubiri maji yageuke. Jenereta niliyoinunua ni ile ya kubeba mkononi, ya kilowati 2, inayotoa 1.6 kwa mfululizo, na baada ya hasara ya chaja hubaki kama 1.4. Tazama tena hesabu ya juu: noti 4 ni kilowati 1.5. Kwa kifaa chenye uzito wa kilo 21, boti yangu imepata uwezo wa kwenda karibu noti 4 bila kuigusa betri, kwa muda wote petroli itakapokuwapo. Huo ndio mfumo mseto wa mfululizo, ambapo injini huzalisha umeme tu na mota ndiyo huizungusha rafadha, katika sura yake ya kimaskini. Sharti lake ni kwamba jenereta ikae juu ya sitaha, kwenye hewa wazi na upande unaokwenda upepo, kwa sababu moshi wa petroli una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu waliolala, na petroli yenyewe haina nafasi ndani ya boti.

Mfumo wa mfululizo wa kiwandani niliousafiria una jenereta ya dizeli ya mkondo mnyoofu ndani ya kisanduku kisichopitisha sauti. Uzuri wake ni kwamba jenereta hukaa popote pale, huendeshwa kwenye mzigo wake bora au huzimwa kabisa, na huhudumia jiko, kiyoyozi na mashine ya kuchuja maji sawasawa na mota. Lakini mtu asidanganyike kwamba huokoa mafuta katika safari ndefu ya kasi moja. Nishati hupita kwenye jenereta, kirekebishi (kinachogeuza mkondo geu kuwa mnyoofu), pengine betri, kidhibiti na mota kabla ya kulifikia bapa la rafadha, na njiani humo karibu robo yake hupotea, ambapo dizeli iliyofungwa kwenye shafti moja kwa moja hupoteza kidogo sana kwenye giaboksi. Faida huonekana pale ambapo safari imejaa kusimama na kuanza, au ambapo mahitaji ya umeme ya watu waliomo ni makubwa kuliko mahitaji ya mwendo.

Mfumo sambamba ulinivutia zaidi kuliko nilivyotarajia. Katika boti hiyo ya mita 12, dizeli ya nguvu za farasi 40 na mota ya kilowati 8 vilishirikiana shafti moja kupitia klachi. Tulitoka bandarini kwa umeme, tukawasha dizeli nje ambako kulikuwa na wimbi la uso, na dizeli ilipokuwa ikifanya kazi mota iligeuka kuwa jenereta na kuijaza betri. Mzigo huo wa ziada unaifaa dizeli, ambayo huchafuka ndani kwa masizi ikiendeshwa nyepesi kwa muda mrefu. Isitoshe, kimoja kikifa kingine kipo. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba mwenye boti hakuepuka chochote: bado ana vichungi, mafuta ya injini, pampu ya maji na bomba la moshi, na juu yake ana betri, kidhibiti na nyaya. Na kuna mtego mmoja ambao fundi wake aliujua na wengi hawaujui, kwamba betri ya lithiamu ikijikata wakati mota au alternata inachaji, volti hupanda ghafla na kuunguza vifaa vilivyobaki kwenye waya, kwa hiyo mfumo wa kusimamia betri lazima uizime chaji kwanza kabla ya kufungua swichi.

Usafiri wa umeme majini si jambo la jana. Mhandisi Moritz Jacobi aliendesha boti yenye mota na betri kwenye mto Neva, Saint Petersburg, mwishoni mwa miaka ya 1830, kabla injini ya dizeli haijabuniwa. Kivuko cha Ampere cha Norway, kilichoanza kazi mwaka 2015 na kubeba magari 120, kilifaulu kwa sababu njia yake haikufika kilomita 6, ratiba yake ilijulikana kwa dakika, na palikuwa na umeme wa kuchaji kila upande. Mwenye boti ya kutembeza watalii kwenye ziwa, mvuvi wa karibu anayerudi gati lilelile kila jioni, au mtu wa matanga anayehitaji mota kwa nusu saa ya kutoka na nusu saa ya kuingia, anazo hali hizo na asisite kuchukua umeme mtupu. Anayepambana na upepo wa omo kwa siku nzima achukue mseto sambamba au abaki na dizeli yake.

Kwa anayekwenda dukani, jambo moja la kuangalia ni nguvu za farasi zinazoandikwa kwenye mota ndogo za kubandika nyuma ya boti. Nguvu ya farasi moja ni kilowati 0.746, kwa hiyo mota ya kilowati 1 ni ya farasi mmoja na theluthi, lakini utaiona imetangazwa kuwa sawa na farasi 3. Watengenezaji hulinganisha msukumo unaofika majini kwa rafadha kubwa ya polepole, na kwa mwendo wa taratibu ulinganisho huo una ukweli wake. Ukiifunga kwenye boti nyepesi ukitarajia ipande juu ya maji, itakuangusha. Omba kilowati zinazoingia na kilowati zinazotoka, na muuzaji asiyeweza kuzitaja zote mbili mwache.

Baada ya misimu miwili gharama za matengenezo yangu zimekuwa vipande vya zinki vinavyoikinga shafti dhidi ya kutu, mkanda mmoja na alasiri moja ya kukaza boli 32 kwa spana sahihi. Jenereta imefanya kazi kwa saa 19, nyingi kati yake katika wiki moja ya upepo mbaya. Mfumo wa umeme nitabaki nao. Kwa msimu wa tatu nimeagiza betri ya pili ya ukubwa uleule, yenye nyaya, fyuzi na swichi zake peke yake, na tanki la lita 60 nimekwisha kuling'oa ili kuipatia nafasi.